Anayelipwa kwa ahadi ya cheo hawezi kumwambia mgombea ukweli

Kila baada ya miaka mitano hapa kwetu Zanzibar inazuka kazi ambayo haina leseni, haina ofisi, haina hata jina moja, lakini watu wanaifanya usiku na mchana na wengine wanafunga biashara zao kwa ajili yake. Kazi ya kumpanga mgombea. Kuna wanaowaita wapambe, kuna wanaosema timu ya ushindi, huko juu wanaitwa washauri, na asiyewapenda atakwambia hao ni machawa tu. Ndani yake kuna mtengeneza mabango, kuna mwandika hotuba, kuna anaekaa na majina ya wapiga kura, na kuna yule ambae kazi yake yote ni kujua nani kagombana na nani kwenye shehia gani na apelekwe nani akawapatanishe kabla ya siku ya kura. Nimekaa karibu na watu hawa muda mrefu, wa pande zote mbili, nimefanya nao kazi, na suali linalonisumbua khasa ni hili: kinachowavuta kitu gani? Mana fedha, tukisema kweli, hakuna.

Jibu langu nalisema mapema ili tusizungushane. Wengi wanaingia kwa mapenzi, mapenzi ya chama au ya mtu au ya mchezo wenyewe wa kushindana, lakini wanachokuja kuwa baadae kinaamuliwa na namna wanavyolipwa. Na sisi tunawalipa kwa namna mbaya kuliko zote, tunawalipa kwa matumaini.

Hebu tuwaangalie kwanza waliotangulia kuifanya hii kuwa biashara. 1933 kule California, Clem Whitaker, mwandishi wa habari, na Leone Baxter ambae baadae alimuoa, walifungua kampuni wakaiita Campaigns, Inc. Kabla ya hapo kampeni za Marekani zilikuwa mikononi mwa wakubwa wa vyama, mtu anakifanyia kazi chama na chama kikishinda kinamtafutia nafasi serikalini, mambo ambayo Mzanzibari akiyasikia hayamshangazi hata kidogo. Whitaker na Baxter wakaja na kitu chengine: mgombea njoo ofisini, lipa, kampeni yote tunakufanyia sisi mwanzo mpaka mwisho, ikimalizika tumemalizana. Mwaka 1934 walimwangusha Upton Sinclair kwenye ugavana kwa kuokota maneno kwenye vitabu vyake, mengine yakiwa maneno ya wahusika wa hadithi, wakayachapisha magazetini kana kwamba ndo imani yake yeye. 1942 wakamsimamia Earl Warren kuwa gavana. Miaka mitatu baadae madaktari wakawalipa waupige mpango wa bima ya afya wa Warren huyohuyo, wakaupiga mpaka ukafa. Hadi 1955 walikuwa wamesimamia kampeni 75 na wameshinda 70.

Kwa tabia siwasifii, kuwanyima watu bima ya afya kwa sababu umelipwa ni jambo zito. Lakini kwenye kitu kimoja walikuwa wazi: kila mtu alijua wanataka nini. Walitaka fedha, na fedha walizipata kabla hata kura hazijapigwa, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumbembeleza mteja.

Ila na fedha nazo zina namna ya kuupinda ushauri. Kwa miaka mingi washauri wengi wa Marekani malipo yao makubwa yalikuwa komisheni ya matangazo, desturi ya zamani ni asilimia 15 ya kile kinacholipwa kwenye televisheni. Sasa mtu wa namna hiyo muulize, tumebaki nyuma tufanye nini? Atakwambia ongeza matangazo. Tumetangulia je? Ongeza matangazo tusije tukafikiwa. Kwenda nyumba kwa nyumba hakuna komisheni, basi nyumba kwa nyumba ikakaa nyuma miaka na miaka, mpaka walipokuja watu waliopima na kuonesha kuwa mtu kugongewa mlango na jirani yake kunamtoa nyumbani kwenda kupiga kura kuliko tangazo. Hakuna aliekaa chini akasema nitampotosha mgombea wangu. Namna ya kulipwa ndo iliokuwa ikiwasemea.

Na wapo waliodumu kwenye kazi hii kwa sababu wanaipenda kweli. James Carville, aliemsimamia Bill Clinton 1992, alikuwa ameshavuka miaka arubaini na ameshashindwa chaguzi kadhaa kabla hajapata ushindi wake mkubwa wa mwanzo, wa Bob Casey kule Pennsylvania 1986. Mtu wa kutafuta fedha tu angeshaondoka zamani. Kwenye ofisi ya kampeni Little Rock alibandika karatasi ya kuwakumbusha wafanyakazi kuwa habari ni mabadiliko, uchumi na matibabu, wasichukuliwe na mambo mengine. Na Clinton aliposhinda Carville hakwenda kudai wizara, alibaki na ufundi wake, akaendelea kuuza ushauri mpaka nchi za nje. Hapo nataka nikae kidogo, mana huyu mtu akisema kwenye kikao "hapa tumekosea" hakuna atakaehisi kuwa anaharibu nafasi yake ya kesho. Kesho yake iko kwenye uchaguzi mwengine, kwa mgombea mwengine.

Turudi kwetu.

Hapa mtu anaingia kwenye kampeni na kitu cha mwanzo anachoambiwa ni "wewe fanya kazi, tukishinda tutaonana." Maneno hayo tu. Hakuna karatasi, hakuna bei, hakuna muda. Anapewa posho ya nauli na chakula, bando anatia mwenyewe, laptop yake, simu yake, na akiwa na gari basi gari nayo imeingia kwenye kampeni. Kampeni inakwisha, mgombea anaapishwa, na hapo inaanza kazi nyengine ya kungojea mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa kwenye vyeo. Kila jioni watu wanaangalia simu, mkeka umetoka? Nani yumo? Sasa hebu tupige hesabu za kawaida. Zanzibar ina mikoa mitano na wilaya 11. Weka makatibu wakuu, weka wakurugenzi na wajumbe wa bodi za mashirika, weka nafasi za ushauri, bado hupati nafasi za kutosha hata kwa wale waliokuwa wakijiona wa karibu sana, wachilia mbali kijana wa Kwahani au wa Wete aliekesha akitengeneza posti.

Namjua kijana mmoja wa mjini, jina lake naliacha na mgombea wake pia naliacha. Alikuwa na kiduka cha kuchapisha kadi za harusi na fulana, kinamlipa vizuri tu. Kampeni ilipoanza alikifunga, akahamia kwa mgombea na mashine zake. Dizaini zote zilizozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwa miezi ile ni mkono wake, na zilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Mgombea akashinda. Mwezi wa mwanzo simu zilikuwa zinapokelewa, "subiri kaka, mambo yako yanakuja." Mwezi wa pili anapokea msaidizi. Baadae hapokei mtu. Wateja wa kadi walishahamia kwengine. Na uchaguzi uliofuata, huyu bwana alirudi tena kwenye kampeni! Nilimuuliza kwa nini. Akanambia, wakati wa kampeni ndo wakati pekee ambao wakubwa wanaijua namba yangu ya simu, wananiita usiku, wanasubiri niseme kitu. Niliposikia hivo sikuwa na la kumjibu, mana nilimuelewa. Kuwa mtu wa ndani, kujua jambo kabla halijatangazwa, kukaa chumba kimoja na mtu ambae kesho atapita na ving'ora, hichi ni kivutio kikubwa mno na kina nguvu zaidi kwenye kisiwa kidogo kama chetu ambapo kila mtu anajua nani yuko karibu na nani.

Simlaumu. Ila tazama kinachotokea ndani ya kikao.

Ilikuwa Pemba, usiku baada ya isha, sebuleni kwa mgombea wa uwakilishi, chama nacho nakiacha kwa sababu hili lingeweza kuwa la chama chochote. Watu wamejaa mpaka barazani, kahawa na haluwa zinazunguka. Vijana wa mitandao wanaonesha video ya mkutano wa jioni ile, imechukuliwa kwa droni, umati mkubwa, kila mtu anasifu, "mheshimiwa, hapa kazi imekwisha." Bado hata kura hazijapigwa lakini ameshakuwa mheshimiwa. Pembeni kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa skuli, ana daftari kubwa la skuli mapajani, ndani yake kaandika shehia moja nzima nyumba kwa nyumba. Nani ana kitambulisho, nani kaandikishwa, nani kaandikishwa lakini yuko Dar kwenye biashara zake, nani mgonjwa atahitaji kupelekwa kituoni, nani yuko dago. Mzee akasubiri vijana wamalize, akamwambia mgombea, "Mwanangu, shehia hii hutoki. Umati ule nusu yake umekuja na magari kutoka jimbo la pili." Akamsomea hesabu zake taratibu, mtaa kwa mtaa. Sebule ikanyamaza. Kisha mmoja akasema, "Mwalimu, unamkatisha tamaa mheshimiwa," na wengine wote wakamfata huyo, hata wale ambao najua kabisa walikuwa wanajua kuwa mzee anasema kweli, mana walishanambia wenyewe njiani tukija. Matokeo yalipobandikwa mlangoni pa vituo, tofauti haikuwa mbali na ile iliyokuwa kwenye daftari la mwalimu.

Kwa nini mzee aliweza kusema na wale hawakuweza? Hakuwa na akili kuwashinda, wala hakuwa jasiri kuwashinda. Alikuwa na pensheni yake. Hakuna kitu alichokuwa akikitaka kutoka kwa yule mgombea, aliwahi kumsomesha darasani, anamwita mwanangu. Wengine wote mule ndani kila mmoja alikuwa na ahadi yake mfukoni, na mwenye ahadi hataki kuwa ndie aliyeleta habari mbaya. Mgombea mwenyewe ndo aliejitengenezea hali ile bila kujua, kwa kuwalipa watu wake kwa neno "tutaonana."

Hilo la dago nalieleza kwa sababu wengi wanaotengeneza mikakati ya uchaguzi wetu wanaliruka. Wavuvi wetu wanahama kwa wiki na wiki kwenda kupiga kambi pwani nyengine, na kama jimbo lako ni la pwani basi huko ndiko waliko mamia ya vijana wako. Wale wa dagaa wanavua usiku wa giza, mbalamwezi ikikaza wanarudi majumbani kupumzika. Kura ya 28 Oktoba 2020 ilikuwa siku tatu tu kabla ya mwezi kukamilika. Kwa hiyo mtu wa kampeni anaeijua kazi yake angekuwa na kalenda ya mwezi ukutani pamoja na kalenda ya mikutano, angejua wavuvi gani watakuwepo na gani inabidi waitwe mapema. Na Oktoba Pemba ni habari ya karafuu pia, msimu ukiwa mkubwa watu wanalala mashambani, usitegemee umkute mtu nyumbani saa nne ya asubuhi. Haya hayamo kwenye droni.

Na msifikiri ni mambo madogo. Siasa za visiwa hivi zimekuwa zikiamuliwa na tofauti nyembamba tokea zamani. Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na chama cha Afro-Shirazi (ASP) kwa kura moja tu, viti 22 vikagawika ASP 10, Hizbu (ZNP) tisa, na chama cha tatu, ZPPP, vitatu, na wale watatu nao wakagawana, wawili wakaenda ZNP mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11, nchi haina serikali. Ikabidi uchaguzi urudiwe Juni na safari hiyo watu wakauawa. Julai 1963 ASP ikapata kura kiasi cha asilimia 54 lakini ikatoka na viti 13 kati ya 31, ZNP na ZPPP kwa pamoja 18. Anaetaka kujifunza kazi ya kampeni alisome jambo hili vizuri: upande mmoja ulijaza kura nyingi mno kwenye majimbo yake wenyewe, upande wa pili ulizisambaza na kuachiana majimbo. Wanasiasa wakabaki na uchungu na sisi sote tunajua miezi sita baadae kilitokea nini, Mapinduzi. Halafu 1995, uchaguzi wa mwanzo tokea vyama vingi kurudishwa, kwenye urais Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad wa CUF, Maalim Seif, 49.8. 2010 Dk Shein wa CCM 50.1, Maalim Seif 49.1. Kwenye nchi ya hesabu kama hizi, mtu mmoja wa kukwambia kweli kuhusu shehia moja ana thamani kuliko wasifuji mia.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa we unazungumzia ufundi wa kampeni kwenye nchi ambayo 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alisimama akaufuta uchaguzi mzima, ukarudiwa Machi 20, 2016 CUF ikiwa imesusia na Dk Shein akapata asilimia 91. Sasa mshauri gani, daftari gani, dago gani? Hoja hii ina uzito na siipuuzi, imewavunja moyo watu wengi ninaowajua, wengine hawajarudi tena kwenye siasa. Lakini tazameni siku mbili kabla ya kufutwa, tarehe 26, Maalim Seif alijitokeza na hesabu za chama chake zilizokusanywa kutoka vituoni. Mtu anaweza kuzikubali au kuzikataa hesabu zile, lakini ziliwezekana kwa sababu kulikuwa na mawakala waliokaa vituoni mpaka mwisho, waliochukua fomu na kuzifikisha. Hio nayo ni kazi ya kampeni, tena ndo kazi yenyewe khasa, na wanaoifanya ndo wanaolipwa kidogo kuliko wote. Wakala anashinda kituoni toka alfajiri mpaka usiku wa manane, akichelewa kuletewa chakula ananunua kwa fedha yake, na huyo ndo unaemtegemea asitoke, asichukue bahasha, asisaini asichokisoma.

Tena hapa niwataje na wanawake. Ukizunguka majimbo yetu wanaofanya nyumba kwa nyumba ni akina mama wa shehia, wao ndo wanaojua mwali gani kaolewa kahamia wapi, nani kafiwa, nyumba ipi usiende na fulana ya chama. Ujuzi huo ukikusanywa na kampuni ya nje ukatiwa kwenye kompyuta utaitwa data na utauzwa ghali. Ukiwa kwa mama wa shehia unalipwa kanga moja na nauli. Hajaitwa mshauri hata siku moja, na mkeka ukitoka hayumo. Jambo hili linaniudhi kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Kuna wenzetu wanaodhani dawa ni kuleta wataalamu kutoka nje. Mimi nasema pole pole. Machi 2018 Channel 4 ya Uingereza ilirusha video iliyochukuliwa kwa siri, Mark Turnbull wa Cambridge Analytica anajisifu mbele ya mtu aliejifanya mteja kwamba wao ndio waliokiendesha kila kitu kwenye kampeni za Kenya za 2013 na 2017, kuanzia kukibadilisha chama sura, ilani, utafiti mpaka hotuba. Ukimsikiliza vizuri unaona anauza, kila neno ni kwa ajili ya kandarasi inayofuata, na kampuni yenyewe miezi miwili baadae ikafungwa. Na yuko yule wa Bolivia, Gonzalo Sánchez de Lozada, mwaka 2002 alichukua kampuni ya washauri wa Marekani, ndani yake akiwemo huyo Carville niliemsifu. Wakamwambia asimame kama mtu wa kuiokoa nchi kwenye hali mbaya, akashinda kwa kura asilimia 22 na kidogo, wapinzani wakiwa wamegawanyika. Oktoba 2003 maandamano, jeshi likapiga watu, makumi wakafa, akakimbilia Marekani. Washauri wao kwao kwengine. Walilipwa kushinda uchaguzi, hawakulipwa kuishi Bolivia.

Hapo ndo utaona mtu wa kwetu ana kitu ambacho wa nje hanacho, atabaki hapahapa. Atakutana na wale aliowapigia kampeni sokoni Darajani, kwenye maziko, kwenye boti ya kwenda Pemba. Akieneza uongo kuhusu familia ya mtu, ile familia ni majirani zake. Mimi naamini hichi ni kinga kubwa ya kazi hii na hatukitumii.

Na mapenzi yapo, wallahi yapo, asije mtu akasema Wazanzibari wanafanya siasa kwa sababu ya vyeo tu. Machi 2019 Maalim Seif alipotoka CUF kwenda ACT-Wazalendo na ile "shusha tanga, pandisha tanga", matawi yalibadilishwa rangi na bendera kwa haraka iliyomshangaza kila mtu, Pemba na Unguja. Nani aliwalipa wale? Rangi walinunua wenyewe, ngazi waliazima kwa jirani. Na upande wa pili, wa CCM, nendeni maskani ya Kisonge pale Michenzani, watu wamekaa na ubao wao miaka na miaka, wanaandika, wanabishana, kama ambavyo wenzao wanabishana Jaws Corner kwa kikombe cha kahawa. Watu hawa wanaijua siasa kwa undani ambao hauupati kwenye chuo chochote. Kijana aliekulia kwenye barza kama hizo anapoamua kuifanya kampeni kuwa kazi yake ya maisha, mimi naona kachagua kazi ya heshima, na inaniuma kuona miaka mitano baadae amekuwa mtu wa kupiga simu zisizopokelewa.

Sasa nini kifanyike. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, ya Bunge la Muungano, inataka vyama na wagombea waseme wamepata fedha kiasi gani na wametumia vipi, na kabla yake, mwaka 2006, Mahakama Kuu ilishaifuta ile takrima tuliyokuwa tukiitumia kuwapa wapiga kura. Kwa hiyo kumpa mpiga kura sukari ili akuchague tumekubaliana kuwa ni kosa. Lakini kumlipa mtu wa kampeni kwa ahadi ya ofisi ya umma, ambayo mshahara wake unatoka kwenye kodi zetu, hakuna fomu inayouliza. Ile ahadi ni gharama ya uchaguzi, ila tunailipa sisi baadae, na tunailipa mara mbili, kwa mshahara na kwa kuongozwa na mtu ambae sifa yake ni kuwa alikuwepo kwenye kampeni.

Mimi nataka mikataba. Mgombea wa uwakilishi au wa udiwani anaweza, tena hahitaji mamilioni mengi, aandike na watu wake kwenye karatasi: wewe utafanya hichi, kwa miezi hii, kwa fedha hizi, nusu unapewa kabla ya kampeni kuanza na nusu kabla ya siku ya kura. Kabla ya matokeo, hilo ndo la msingi. Anaetaka cheo aseme tokea mwanzo, si haramu kutaka cheo, lakini huyo asiwe ndie anaeleta hesabu za shehia. Hesabu zije kwa mtu ambae ameshalipwa. Na mawakala walipwe kwa kiwango kimoja kinachojulikana, na akina mama wa nyumba kwa nyumba waingie kwenye mikataba kama wengine na waitwe kwenye kikao cha mkakati, wakae mbele, wasiwe wa kupika tu. Vyama vyenyewe vikikataa kuanza, aanze mgombea mmoja mmoja, mana mwenye hasara ya kudanganywa ni yeye.

Kwa vijana wanaoniuliza wafanye nini sasa hivi wakati uchaguzi wa Oktoba 2025 umeshapita na mikeka imeshatoka na wao hawamo: rudisheni biashara zenu kwanza. Kadi za harusi zinalipa. Halafu kama kazi hii mnaipenda, miaka iliyobaki mpaka 2030 ndo muda wake, huu ambao hakuna spika wala fulana. Chukua shehia yako peke yake, jua watu wake, jua nani hana kitambulisho cha Mzanzibari na kwa nini, nenda nae kwa sheha, fatilia mpaka akipate, awe wa chama chako au asiwe. Andika. Daftari la wapiga kura likifunguliwa kwa marekebisho uwe unajua nani kafa na nani katimiza miaka 18. Mgombea atakapokuja kukutafuta, na atakuja, mwambie kazi unayo na bei yake ni kiasi fulani, na kama atakujibu "tutaonana tukishinda" basi mwambie unamtakia kheri, ukae na daftari lako umsubiri wa pili.